Mbunge na Mshahara wa Pili

Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara, ilipokutana Arusha mwezi Januari mwaka 1967, na Azimio lake likatangazwa mwezi uliofuata, miongoni mwa masharti aliyowekewa kiongozi, na mbunge akiwamo, lilikuwamo moja lililosemwa kwa maneno machache: asipokee mishahara miwili au zaidi. Alikatazwa pia hisa, ukurugenzi wa makampuni ya watu binafsi na nyumba za kupangisha, na masharti hayo yakamfunga pamoja na mwenzi wake, ili lililokatazwa kwa mume lisihalalike kwa mke. Yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ikaja na njia nyingine, ya kumtaka kiongozi atamke mali na madeni yake mbele ya Kamishna wa Maadili.

Sina ugomvi na yote yaliyolegezwa. Kumnyima mtu kodi ya nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, ambayo ingemfaa siku atakaponyimwa kura, kulikuwa kumbana kupita insafu. Wala simwonei gere mbunge mwenye shamba la korosho au mashua ya kuvulia, kwa kuwa jembe na jarife havimwamrishi mtu kusema wala kunyamaza. Mwajiri humwamrisha. Hatari kubwa haimo katika siku ambazo kiti chake Bungeni Dodoma huwa kitupu, ijapokuwa nazo ni haki ya watu. Imo katika dhamiri ya mtu ambaye, akiwa ameketi katika kamati inayojadili ushuru wa bidhaa au leseni za madini, anafahamu fika kwamba kampuni yenye maslahi katika shauri hilo humlipa kila mwisho wa mwezi, ilhali raia waliompa dhamana hawana la kumfanya mpaka miaka mitano iishe.

Husemwa kwamba kutamka kwatosha. Huko Uingereza, ajira za mbunge Owen Paterson zilikuwa zimeandikwa katika daftari la Bunge, kila mtu akiweza kuzisoma, walakini kamati ya maadili ya Bunge hilo ilimwona na hatia ya kuyatetea mbele ya maofisa wa serikali makampuni mawili yaliyokuwa yakimlipa, na mwezi Novemba 2021 akajiuzulu. Daftari lilisema kweli, na madhara yakatendeka vilevile.

Iko hoja nyingine iliyo nzito zaidi, kwamba mwenye riziki nje ya siasa hakiogopi chama chake, basi husema kweli bila ya khofu. Naikubali kwa sehemu: tabibu na abaki na leseni yake, mwalimu na arejee darasani muda wake ukiisha. Lakini anayeukimbia utii wa chama kwa kuajiriwa na kampuni amebadili bwana tu, na bwana huyo mpya hakuchaguliwa na yeyote.

Kwa hiyo Bunge na lirejeshe sharti moja tu kati ya yale ya Arusha: mbunge apokee mshahara mmoja, ule utokao katika hazina ya umma, wala asiwe mwajiriwa, mkurugenzi au mshauri wa kampuni yoyote maadamu anakikalia kiti hicho. Na mpaka hapo litakapolirejesha, ndugu msomaji, mgombea akija kukuomba kura, muulize mbele ya hadhara ni nani mwingine anayemlipa.