Kununua sanamu si kununua sauti yake

Jioni, huko Nyangwe kando ya Lualaba, mtu anayesimulia hadithi ya sungura haombi ruhusa kwa yeyote. Sungura ni wa wote. Msimulizi akifariki, mwingine aliyekuwa akimsikiliza tangu utoto anaishika hadithi, na watoto hawalii kwamba sungura amekufa. Lakini siku hizi watoto wa Kasongo na Kabambare, kama wenzao wa Kindu, Bukavu na Goma, wanakua pia na wahusika wa televisheni na wa telefone. Kila mmoja wa hao ana mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni kampuni. Mchezeshaji wake akiondoka au akiondolewa, nani amchague mrithi, na kwa njia gani?

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Kermit, chura wa kijani wa Marekani. Kermit ni kikaragosi, yaani sanamu ya kitambaa inayochezeshwa kwa mkono. Jim Henson alimtengeneza mwaka 1955 kwa koti kuukuu la mama yake, na macho yake yalikuwa mpira mdogo wa ping-pong uliokatwa vipande viwili. Kwa miaka 35 mkono na sauti ya Kermit vilikuwa vya Henson. Alipofariki ghafla mwezi wa tano 1990, akiwa na miaka 53, chura huyo alikabidhiwa Steve Whitmire, aliyekuwa amefanya kazi na marehemu tangu 1978. Mwaka 2004 kampuni ya Disney ikawanunua vikaragosi hao wote, wanaoitwa Muppets. Mwezi wa kumi 2016 Whitmire akaarifiwa kwamba kazi yake imekwisha. Watazamaji walikuja kujua mwezi wa saba 2017.

Kampuni ilisema mwenendo wake kazini haukukubalika kwa miaka mingi. Yeye alisema aliondolewa kwa sababu alikuwa akisema wazi pale alipoona tabia ya Kermit inapotoshwa, na pia kwa sababu ya jambo lililohusu chama cha wafanyakazi. Watoto wa Henson wenyewe walisimama upande wa kampuni. Aliye mbali hawezi kukata kesi hiyo. Na ni kweli kwamba mwenye mali ana haki ya kubadilisha mfanyakazi. Hakuna mchezeshaji wa milele. Hata hivyo, miaka 26 ya kazi ilikwisha bila mzee kumfundisha mrithi wake, na watazamaji hawakupata nafasi ya kuagana naye.

Kuna njia nyingine, na ilipitiwa katika inchi ile ile. Katika kipindi cha watoto cha Sesame Street, Caroll Spinney aliingia ndani ya ndege mkubwa wa manjano, Big Bird, tangu mwaka 1969. Ni kazi ngumu ya mwili: mkono mmoja lazima uinuliwe juu ya kichwa wakati wote ili kushika kichwa cha ndege. Tangu miaka ya 1990 alikuwa na mwanafunzi pembeni yake. Mwaka 2015, mwili ulipochoka, mwanafunzi alichukua mwendo wa ndege, na mzee akabaki na sauti. Mwezi wa kumi 2018 Spinney aliaga, akiwa karibu na miaka 50 ya kazi, na akamwachia yule kijana vyote.

Mwanafunzi huyo anaitwa Matt Vogel. Ndiye huyo huyo aliyepewa Kermit baada ya Whitmire kuondolewa. Mtu ni mmoja na ufundi ni mmoja, lakini kwa ndege alipokelewa kama mrithi, na kwa chura aliingia katikati ya ugomvi ambao hakuuanzisha yeye.

Wakaaji wengi wa Kongo wanaotazama Canal+ wanakumbuka mfano wa tatu, Les Guignols, vikaragosi vya Ufaransa vilivyowacheka wakubwa tangu 1988. Mwezi wa saba 2015, baada ya Vincent Bolloré kushika usukani wa kampuni, waandishi wakuu wanne waliondolewa. Vikaragosi vilibaki na sura zao zile zile, ila maneno yalitoka kwa watu wengine. Mwezi wa sita 2018 kipindi kilifungwa.

Maniema haina haja ya kwenda mbali kujifunza jambo hili. Katika wilaya ya Pangi, jirani na Kasongo, Warega wa chama cha Bwami walikuwa na sanamu ndogo na vinyago vya mti na vya pembe ya tembo. Hazikuwa kitu bila wimbo, ngoma na methali ya yule anayezionyesha. Mwenye kuzitunza akifariki, ziliwekwa mikononi mwa ndugu aliyefundishwa na kupandishwa daraja mbele ya wenzake. Kisha utawala wa Wabelgiji ukapiga marufuku Bwami, mwaka 1933 na tena 1948, na sanamu nyingi zikaishia katika nyumba za makumbusho na kwa matajiri wa Ulaya na Marekani. Wamezipata kwa halali ya karatasi zao. Lakini ndani ya kioo sanamu hizo ni bubu, kwa sababu wimbo haukuuzwa pamoja nazo.

Jambo hili linawagusa wasanii wa hapa. Kijana anayeigiza katika mchezo wa redio, anayechekesha katika tangazo la kampuni ya simu, au anayecheza tamthilia ya kuhamasisha watu juu ya kipindupindu, anaweza kumpa mhusika sauti ambayo kila mtu sokoni anaiigiza. Kesho anaweza kusikia sauti hiyo kinywani mwa mwingine, naye hana karatasi hata moja. Sheria ya Kongo ya mwaka 1986 inalinda watunzi pamoja na waigizaji, na SOCODA, chama cha haki za watunzi, ipo tangu 2011. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu aliyetia sahihi bila kusoma.

Basi kabla ya kuanza kazi, mambo matatu yaandikwe: mhusika ni mali ya nani, mwigizaji analipwa nini sauti yake ikirudiwa, na mrithi atafundishwa na nani. Kampuni nazo zikumbuke kwamba fedha zao zinanunua kitambaa na jina. Mapenzi ya watoto yanakuja na yule anayemfanya mhusika aseme, na kama lazima aondoke, apewe muda wa kumfundisha anayekuja.