KOSA LA KUTEMBEA

Wako wasemao kwamba jicho la askari halimdhuru asiye na hatia. Neno hili hupendwa sana na watu ambao hawajapata kutazamwa. Mwenye motokaa hupita mbele ya kituo asiulizwe aendako. Mchuuzi apitaye kwa miguu, na furushi lake kichwani, hutunga jawabu kabla ya kuulizwa. Hakuiba kitu, lakini hupunguza mwendo asije akadhaniwa akimbia, kisha huuongeza asije akadhaniwa azurura.

Hofu hii haikuzuka bure. Mwaka 1824 Uingereza ilitunga sheria ya kuwaadhibu wazururaji, na mbegu yake ikapandwa katika makoloni ya Afrika. Bendera za wageni zilishushwa, lakini kosa la uzururaji lilibaki katika vitabu vya sheria vya nchi nyingi. Sheria ya namna hii haiulizi mtu ametenda nini. Huuliza aonekana kuwa nani.

Huko Malawi, mwaka 2015, mchuuzi wa mifuko ya plastiki alikamatwa alfajiri akienda kutafuta riziki. Alipeleka shauri lake Mahakama Kuu, na Januari 2017 ikatamkwa kuwa kifungu kilichomkamata kinapingana na Katiba. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa rai kuwa sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yapaswa kuzirekebisha au kuzifuta.

Yasemwa kuwa pasipo sheria hizo wezi watastarehe. Hoja hii haina miguu. Kuiba ni kosa, na kujaribu kuiba ni kosa. Askari mwenye ushahidi hana haja ya kosa la tatu, la kutembea. Alihitajiye ni yule asiye na ushahidi.

Na bawabu wa duka, aliyezoea kupima watu kwa viatu vyao, afikiri pia. Zamu yake ikiisha usiku wa manane atavua sare na kwenda kwake kwa miguu, na jicho lile alilolinoa mlangoni litamngoja njiani. Mabunge yenye vifungu hivyo na yavifute, ili maskini naye aweze kusimama barazani, mvua ipite, asiulizwe asimamia nini.