Wapolandi wa Tengeru na mwenyeji asiyetajwa

Na Rehema Kisanga

Wazungu waliohamia nchi za mbali wameandika sana juu ya maisha yao. Utamsoma babu aliyeshuka melini na sanduku moja, au bibi aliyefua nguo za watu mpaka akanunua nyumba. Masimulizi haya ni matamu, na mengi ni ya kweli. Nina lalamiko moja tu: shujaa wake huwa ni mhamiaji peke yake. Aliyemfungulia mlango hutajwa kwa nadra, na aliyenyimwa mlango huohuo hatajwi kabisa.

Mfano mzuri tunao hapa kwetu. Ukitoka Arusha kuelekea Moshi utapita Tengeru, ambako yapo makaburi yapatayo 150 ya Wapolandi. Walifikaje chini ya Mlima Meru?

Februari 1940, utawala wa Stalin ulianza kuzipakia familia za mashariki ya Poland kwenye mabehewa na kuzipeleka Siberia na kaskazini ya Urusi, zikakate magogo kwenye baridi kali. Wengine walifuata baadaye hadi Kazakhstan. Hitler alipoivamia Urusi mwaka 1941, Stalin alihitaji marafiki, akawaachia. Mwaka 1942 maelfu walivuka Bahari ya Kaspi wakaingia Uajemi pamoja na jeshi la Jenerali Władysław Anders. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake, watoto na wazee wakatawanywa India, Mexico, New Zealand na makoloni ya Uingereza barani Afrika. Huku kwetu waliwekwa Masindi na Koja nchini Uganda, na kwa upande wa Tanganyika Ifunda, Kidugala, Kondoa na kwingineko. Tengeru ndiyo iliyokuwa kambi kubwa kuliko zote, yenye watu wapatao 5,000.

Walijengewa nyumba za duara zilizopakwa chokaa na kuezekwa nyasi. Palikuwa na shule, hospitali, kanisa na shamba. Waliokuwa watoto wakati ule wameisimulia Tengeru kama pepo ndogo: mapapai, jua, skauti, mlima mbele ya macho. Nawaamini. Mtoto aliyekuwa akigawiwa kipande cha mkate Siberia ana haki ya kuliita papai muujiza.

Lakini mama zao walikuwa na hesabu nyingine. Walikuwa wamewazika ndugu njiani, na waume zao wako vitani. Vita ilipokwisha mwaka 1945, vijiji vyao vilikuwa vimeshaingizwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, na Uingereza ikaacha kuitambua serikali yao iliyokuwa uhamishoni London. Chakula kilikuwepo, paa lilikuwepo, ila hakuna aliyeweza kumwambia mwanawe watakuwa wapi mwaka ujao. Baadhi yao waliishi hivyo miaka mitano zaidi.

Kilichowatoa hapo hakikuwa ujasiri mpya. Ujasiri walikuwa nao tangu Siberia. Zilikuja sheria na mikataba. Mwaka 1947 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwapa makazi askari wa Kipolandi na familia zao. Australia nayo ilikuwa ikitafuta wafanyakazi. Mapema mwaka 1950 meli General Langfitt iliondoka Mombasa na Wapolandi zaidi ya 1,100, ikatia nanga Fremantle mwezi Februari. Wakapelekwa kambi ya Northam, kisha wakatumikia mkataba wa miaka miwili ya kazi yoyote watakayopangiwa. Mtu mwenye elimu yake alijikuta akipiga deki au akibeba mizigo. Tofauti na Tengeru, mkataba huu ulikuwa na mwisho. Baada ya hapo mtu alichagua kazi, akanunua kiwanja, akajenga. Hapo ndipo bidii ya mama mjane ilipogeuka nyumba na ada ya shule.

Sasa tuulize ambalo kumbukumbu hizo huliruka. Australia ya mwaka 1950 ilikuwa na sera ya wazi ya kupokea Wazungu. Kijana wa Kimeru aliyekaa jirani na kambi, awe hodari kiasi gani, asingepanda meli ile.

Tena lililompata kijana huyo na watu wake lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa ardhi walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru hao, alikwenda New York mwaka 1952 kulifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa, na dunia ikasikia. Wapolandi hawakuhusika, na wengi wao walikuwa wameshaondoka. Lakini serikali ilikuwa ileile, na mlima uleule. Iliweza kupata nafasi kwa wageni 5,000, ikashindwa kuwaachia wenyeji mashamba yao.

Nayasema haya kwa sababu leo wenyeji ni sisi. Nasikia watu wakisema wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma wamezoea kukaa na kungoja mgawo. Wanaosema hivyo wamesahau Warundi waliokimbia mwaka 1972. Wale walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi, wakalima hadi wakajilisha na kuuza ziada. Baadaye zaidi ya 162,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania. Warundi waliokuja miaka ya karibuni wamefungiwa kambini, na kutoka nje ni mpaka kwa kibali. Ni Warundi walewale, pengine wa ukoo mmoja. Kilichobadilika ni masharti yetu.

Tunapenda kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumeigeuza methali kuwa ya kumsuta mgeni mvivu, ilhali wa kutoa jembe ni mwenye nyumba.

Basi tuwape jembe: kibali cha kufanya kazi, ruhusa ya kwenda sokoni, na shamba kwa atakayelima. Najua Kigoma ina mahitaji yake, na kuni na maji havitoshi hata kwa wenyeji. Ndiyo sababu ruhusa hiyo iende na barabara, visima na soko la pamoja vitakavyomnufaisha mwanakijiji wa Kasulu sawasawa na jirani yake wa kambini. Yaliyowapata Wameru yanatufundisha kwamba ukarimu unaompuuza mwenyeji huzaa uchungu wa muda mrefu. Na miaka ya Tengeru inatufundisha kwamba kumlisha mtu huku umemfungia kesho yake ni nusu ya msaada.