Mpira wa Buti Hauzuii Vumbi Peke Yake

Mpenzi msomaji, Desemba iliyopita tulikwenda Hewani, kwenye delta ya Mto Tana, kumjulia hali mjomba. Aliyewahi kufika huko msimu wa maembe anajua kwamba mgeni haondoki mikono mitupu. Mjomba alitujazia magunia matatu. Peugeot 504 yangu, ambayo ni kongwe kuliko wanangu wote, ikashiba hadi kifuniko cha buti kikakataa kufunga. Tukakishikilia kwa kamba.

Njia ya kwenda Garsen ilikuwa kavu, nami nikapandisha vioo vyote ili watoto wasile vumbi. Likaingia hata hivyo, likipenyeza nyuma ya kiti. Tulipokaribia Garsen kifungua mimba alilalamika kwamba kichwa kinamuuma, wa pili akataka kutapika, na kitinda mimba akalala usingizi mzito usio wa saa hiyo. Nikasema ni jua. Mama yao akasema ni maembe.

Garsen tulipokewa na binamu yangu ambaye ni fundi wa magari. Watoto walipumzika chini ya mti na baada ya muda wakachangamka. Binamu alikwenda moja kwa moja nyuma ya gari, akafungua kamba na kupitisha kidole kwenye mpira unaozunguka buti. Ukamegeka kama mkate mkavu.

"Kaka," akaniambia, "kama vumbi linaingia, moshi nao umezuiwa na nani?"

Nilikosa jibu. Gari linapokwenda mbio, hewa ya nyuma yake huzunguka na kuurudisha moshi wa bomba kwenye buti. Ukipata upenyo, huingia hadi kwenye viti. Katika moshi huo mna gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na damu mara 200 hivi kuliko oksijeni, basi mtu hukosa hewa ilhali anapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Watoto huwahi kudhurika. Wasafiri wote wakiugua pamoja kisha wakapata nafuu nje ya gari, usisingizie jua.

Wala hili si balaa la mikweche ya familia tu. Datsun 240Z, gari la spoti lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, linajulikana na wanaolitunza hadi leo kwa kuvuta moshi ndani mpira wa mlango wa nyuma unapochakaa.

Tuliahirisha safari hadi mpira mpya upatikane. Duka la kwanza lilituuzia mnene mno, kifuniko kikawa hakifungi ila kwa kubamizwa. Kwa hivyo nenda dukani na kipande cha mpira wa zamani, ulinganishe unene na umbo.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla ya kubandua mpira wa zamani, tazama ulivyokaa, sehemu nene inaelekea wapi na ncha zake zinakutania wapi. Magari mengine huubana kwenye ukingo wa bati, mengine huugandisha kwa gundi. Kwangua gundi yote ya zamani kisha futa kwa spiriti. Ukiona kutu, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu na usubiri ikauke.

Anika mpira mpya juani ulainike. Anzia pale ncha za zamani zilipokutana, uende ukiusukuma kwa kidole gumba. Usiuvute hata kidogo! Mpira uliovutwa hujirudi baada ya siku chache na kuacha pengo, hasa kwenye kona. Ukifika mwisho, kata ukibakisha ziada ndogo, kisha zikandamize ncha zibanane. Funga buti na uliache hadi asubuhi.

Jaribio ni rahisi. Funga buti juu ya ukanda wa karatasi, kisha uuvute. Ukitoka bila kukwama, hapo hapajaziba. Rudia kuzunguka buti lote. Usiku weka tochi inayowaka ndani, ufunge na kutafuta mwanga unaochungulia. Mtoto asitiwe ndani ya buti kukushikia tochi hiyo. Kagua pia bomba la moshi, kwa maana likitoboka chini ya sakafu, mpira wa buti hautakuokoa.

Lakini mpira ulio mpya kabisa haufai kitu ikiwa buti limefungwa kwa kamba. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu kubwa. Safari hii nilimwachia binamu gunia moja, kifuniko kikafunga vizuri, na watoto wakagombana njia nzima hadi Malindi. Sijawahi kufurahia kelele zao kama siku hiyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa buti, mpenzi msomaji, huenda usikupe nafasi ya kujenga. Tukutane Jumapili ijayo.