Mbali na Nani?

Kila bei inapopanda, Lamu tunaletewa maelezo yale yale: nyinyi watu wa visiwani mko mbali, na dunia imevurugika. Februari 2022 vita vya Ukraine, ngano ikapanda. Aprili mwaka huohuo Indonesia ikazuia mafuta ya mawese yasitoke, mafuta ya kupikia nayo yakapanda. Mwishoni mwa 2023 Wahouthi wakaanza kushambulia meli Bahari ya Shamu, meli zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Sawa, yote kweli. Lakini mbali na nani?

Boti ya Faza ikishatoka mlango wa Mkanda, upande wa bara unaziona kreni za Kililana. Hiyo ndiyo Bandari ya Lamu. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na sasa ziko tatu kati ya 23 zilizopangwa. Bahari ya Shamu ilipochafuka, bandari hii ilipata kazi: meli kubwa zinashusha makontena hapa, yanapakiwa meli nyingine, yanakwenda zake. Yaani dunia ikiumwa, Kililana inapata wateja. Nasi tunapita mbele yake, magunia ya unga miguuni.

Unga huo umetoka Mombasa. Umepanda lori, ukapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe. Hapo hamali kaubeba mgongoni, ukatiwa botini, na Amu ukapandishwa punda. Ule wa Pate ukangoja maji yajae ndipo upite Mkanda. Kila mkono una ujira wake, na mimi sina ugomvi na hamali wala na punda. Ugomvi wangu ni na hiyo safari yenyewe. Novemba 2023 mafuriko yalikata barabara pale Lango la Simba, tukakwama. Hapo pia utasema ni Ukraine?

Na huko nyuma je? Majahazi ya hapa yalikwenda Arabuni na boriti kwa kusi, tende zikaja na kaskazi. Hakuna aliyetuita watu wa mbali. Umbali huu umekuja na lami.

Mimi sidai meli ya makontena ije na sukari ya duka la mtaani Kizingitini. Nadai gati ndogo ya vyombo vya mwambao, ghala moja, na chombo cha mizigo kinachotoka Mombasa kwa ratiba inayojulikana. Wakubwa watasema mzigo wetu ni mdogo, haulipi. Ati haulipi! Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari hiyohiyo. Bahari tumeshaitoa. Basi hesabu iwekwe hadharani: gunia la unga kwa lori na boti mpaka Faza ni kiasi gani, na lingekuwa kiasi gani likishushiwa Kililana?