Dawa za Chunusi za Kuazimana

Wenzangu, bweni letu limegeuka duka la dawa. Muhula uliopita nami niliazima krimu isiyo na boksi wala maelezo. Siku tano tu uso ukalainika, nikajiona bwana harusi! Nilipoiacha, chunusi zikafumuka maradufu. Tabibu wa zahanati alinieleza kuwa ilikuwa na steroidi. Sasa natumia benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5. Hupakwa kidogo tu, usiku, mahali pote penye kutoka chunusi, wala si juu ya kipele kimoja. Yataka subira ya wiki 6 hadi 12, nayo hupausha nguo (foronya yangu yafanana na chui). Atakayeniomba yangu nitamnyima, asinikasirikie. Zahanati haiko mbali.