Chandarua Kimefika Nyumbani, Lakini Ni Nani Anayelala Ndani Yake?



Kwa Kiarabu chandarua huitwa namusiyya, jina litokanalo na naamus, yaani mbu. Sisi wa kanda ya Ziwa hatuhitaji kamusi ili kumjua adui huyo. Yeyote aliyekaa Ukerewe, Sengerema, Magu au Misungwi amepata kushika paji la uso la mtoto saa nane za usiku, akangojea kukuche ampakie kwenye baiskeli au mtumbwi kwenda zahanati. Ubaya wa malaria haubishaniwi, na sikukusudia kuueleza upya. Linalonisukuma kuandika ni swali ambalo halijasikika likiulizwa misikitini mwetu: katika nyumba iliyokwisha kupata chandarua, ni nani hasa anayelala ndani yake?

Uadilifu unataka kwanza tuyakiri yaliyofanyika. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo, ambapo mama mjamzito alipewa kliniki hati ya kumpunguzia bei ya chandarua dukani. Mpango huo ulikoma mwaka 2014. Kabla haujakoma vilikwisha kuja vyandarua vya bure: kwanza kwa watoto walio chini ya miaka mitano, kisha, katika miaka ya 2010 na 2011, kwa nchi nzima, vikagawiwa takriban milioni 18. Baadaye njia zikawa ni wanafunzi wa shule za msingi, mama anayehudhuria kliniki ya ujauzito, na mtoto anayepelekwa chanjo ya surua. Matunda yake yameonekana. Katika uchunguzi wa mwaka 2007 na 2008, watoto wadogo waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 18 katika kila 100. Mwaka 2022 walikuwa wapatao 8. Asiyeshukuru kwa hilo hajui makaburi ya watoto yalivyokuwa yakichimbwa.

Hata hivyo, uchunguzi huo huo wa 2022 ulikuta kwamba nyumba zenye angalau chandarua kimoja chenye dawa ni asilimia 67, ilhali mwaka 2017 zilikuwa 78. Na tuyatazame vizuri maneno "angalau kimoja". Kipimo cha wataalamu ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Nyumba ya watu wanane, na hizo ni nyingi vijijini kwetu, inahitaji vinne. Ikiwa nacho kimoja tu inaandikwa kuwa ni nyumba yenye chandarua, na karani anakwenda zake. Ndani ya nyumba hiyo chandarua kinafungwa juu ya kitanda cha baba na mama, pamoja na mtoto anyonyaye. Watoto wa shule wamejipanga juu ya mkeka sebuleni. Bibi yuko chumba cha uani. Msichana wa kazi analala jikoni, na mgeni anapewa shuka. Mkeka wa sebuleni hukunjwa kila asubuhi, kwa hiyo hata kikiwapo chandarua cha pili hakuna aliyepigilia msumari wala kufunga kamba za kukitundikia. Kinabaki ndani ya mfuko wake juu ya kabati, kikingojea mgeni wa heshima.

Misungwi imetupa ushahidi ambao ulimwengu mzima umeusoma, na pengine sisi majirani zake ndio tusioujua. Mwezi Januari 2019 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, waligawa vyandarua 147,230 kwa kaya zaidi ya 39,000 za wilaya hiyo, vikiwa vya aina nne tofauti. Mbu wa huku wamekwisha kuzizoea dawa za jamii ya pareto zinazotiwa kwenye vyandarua vya kawaida, basi ikatakiwa kujulikana kipi kitawaweza. Baada ya miaka miwili, katika vijiji vya vyandarua vya kawaida, watoto na vijana wa chini ya miaka 15 waliokutwa na vimelea walikuwa karibu 46 katika kila 100. Penye vyandarua vilivyoongezewa dawa ya pili iitwayo klofenapiri, walikuwa karibu 26. Mwezi Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua hivyo. Lakini utafiti huo una takwimu nyingine ambayo kwangu mimi ndiyo nzito zaidi. Miezi mitatu baada ya ugawaji, watu 72 katika kila 100 walilala ndani ya vyandarua walivyopewa. Baada ya miaka miwili walibaki 41. Dawa bora kuliko zote haimlindi mtu aliyelala nje ya chandarua.

Vilikwenda wapi? Vingi vilichanika. Moto wa kibatari, misumari ya kitanda, panya na watoto wenyewe havikiachi salama, na ni wachache wanaochukua sindano na uzi kabla tundu halijawa mlango. Vingine vilifuliwa kwa sabuni kali na kuanikwa juani, na jua huila dawa. Hufuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa kivulini. Na vingine, tuseme kweli, vilikwenda ziwani. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti kutoka vijiji vya wavuvi vya upande wa Kenya wa ziwa hili hili, ukionyesha vyandarua vilivyotandazwa ufukweni kuanikia dagaa, na vingine vikivulia. Wenyewe walieleza kuwa dagaa hukauka upesi juu yake, na kwamba vyandarua vyenyewe ni vya bure au vya bei ndogo. Anayetembelea mialo yetu hahitaji kuvuka mpaka ili kuyaona hayo.

Ni wepesi kumlaani mama anayeanikia dagaa juu ya chandarua. Dagaa waliolala mchangani wana bei ya chini, na mvua moja inamwozeshea mtaji wote. Ukitaka arudishe chandarua kitandani, mfikirie na kichanja cha kuanikia. Ama anayevulia, huyo jambo lake ni jingine: macho madogo ya chandarua yanakomba hata vifaranga vya samaki, na dawa iliyomo ni sumu kwa samaki. Kitu kilichotolewa kwa ajili ya usingizi wa mtoto ni amana ya mtoto huyo, na mzazi hana ruhusa ya kukiuza.

Wapo pia wasioingia katika hesabu yoyote. Kambi za wavuvi visiwani si kaya. Watu wake huhama na dagaa. Nyumba isiyo na mwanafunzi wa shule ya msingi, wala mjamzito, wala mtoto wa chanjo, haimo katika njia nilizozitaja. Na hapa niwaseme walimu wenzangu. Madrasa zetu za bweni zinalaza watoto kwa safu, mkeka kwa mkeka, katika chumba chenye dirisha lisilo na wavu. Huko kwao wanahesabiwa kuwa wamo nyumbani, nasi kwetu hawahesabiwi na yeyote. Mzazi ametukabidhi mtoto ili ahifadhi Qur'ani. Kumrudishia mtoto mwenye degedege ni jambo la kuulizwa. Nimeshuhudia kamati ikichangisha zulia jipya kwa Ijumaa mbili tu. Vyandarua vya watoto thelathini havishindi zulia.

Atakuwapo wa kusema kuwa ajali imekwisha kuandikwa. Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh akielekea Sham na kuarifiwa kuwa tauni imeingia huko, alishauriana na Masahaba kisha akarudi na watu wake. Aliulizwa kama anaikimbia kadari, na jibu lake analijua kila aliyekaa darasani. Mwenye kutundika chandarua hakimbii zaidi ya alivyofanya Umar.

Zamani tungeweza kusema kazi hii ina wenyewe. Marekani ilianza mpango wake wa malaria mwaka 2005, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo, na kwa miaka mingi fedha zake zilinunua sehemu kubwa ya vyandarua tulivyopewa. Mwezi Januari 2025 nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje, na tukaona jinsi usingizi wa mtoto wa Kome unavyoweza kutegemea saini ya mtu asiyejua Kome iko wapi. Sultani Qalawun alipoijenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu ili wagonjwa, tajiri na fukara, watibiwe kwa mapato yake. Misikiti yetu mingi mijini ina fremu za maduka. Kodi ya fremu moja, ikitengwa kwa jambo hili na hesabu yake ikabandikwa ukutani, ingetosha kuanzia bweni la madrasa na nyumba za wajane.

Kabla ya kununua, lakini, tuhesabu. Wanaume wawili na akina mama wawili wa darsa wapite nyumba kwa nyumba katika mtaa wa msikiti, bila kuuliza dini ya mwenye nyumba, kwani chandarua chenye dawa humwua mbu ambaye angehamia kwa jirani. Wasiulize "mna chandarua?" Waulize usiku wa jana nani alilala wapi, mkeka nao ukihesabiwa, kisha wachukue nyundo, misumari na kamba, wavitoe kabatini vile vilivyomo. Kwa upande wa kambi, waende siku za mbalamwezi, kabla ya mvua za vuli. Dagaa hawavuliwi wakati huo, na wanaume wanakuwa nchi kavu.